Shuka Lenye Kamba

Siku ile tulikuwepo mimi, kaka mkubwa. Mdogo wangu wa kiume, aliyekuwa darasa la sita. Mdogo wetu wa mwisho, msichana wa darasa la pili. Shangazi yetu, aliyetoka Magomeni asubuhi akiwa amevaa kama anayekwenda harusini. Mwarabu wa duka la vyombo, ambaye mtaa mzima humwita Ami. Mwalimu mkuu wa shule ya wadogo zangu. Na mgambo wawili ambao, nasema tangu mwanzo, hawakuja kumkamata mtu. Wengine walikuwa wazazi na watoto wa shule. Hawa nawataja kwa sababu kila mmoja ana sehemu yake katika habari hii.

Ilikuwa Jumamosi ya kuchangia tangi la maji kwa ajili ya vyoo vya shule. Mwalimu mkuu alikuwa ametuambia wazazi, nami nikiwamo, kwamba safari hii hataki watoto waje na noti walizopewa nyumbani. Kila mtoto alete hela aliyoifanyia kazi, hata kama ni kidogo. Kwa hiyo wengine walikaanga visheti na mama zao, wengine walikamua ukwaju, na sote tukakutana kwenye uwanja mdogo karibu na Mnazi Mmoja. Kibali kilikuwepo.

Nililipenda wazo la mwalimu, lakini lilinitia hofu. Mimi niliacha shule kidato cha pili, mama alipomfuata baba kaburini, nikakalia cherehani ya baba kwenye baraza la ghorofa moja pale Kariakoo. Nashona mapazia, napunguza suruali. Kazi naijua. Nisichokijua mpaka leo ni kama namlea mtoto wa kike inavyotakiwa. Na shangazi alikuwa ameshasema, tena bila ubaya wowote:

"Mwanangu, huyu wa kiume kaa naye. Wa kike nipe mimi. Siku nikisikia amepatwa na jambo sitauliza, nitakuja kumchukua."

Shangazi ni mtu mwema, na akisema amesema. Magomeni si mbali, najua. Ila nilishaona nyumba yetu ikipungua mara mbili, na ya tatu sikuitaka.

Siku moja kabla, nilimpeleka mdogo wetu wa kike dukani kwa Ami.

"Shikamoo, Ami," mtoto alisema.

"Marahaba, bibie. Umekuja kununua au kushangaa?"

"Nimekuja kuomba mali kauli."

Ami alinitazama mimi juu ya miwani. Mali kauli ni mzigo unaopewa kwa neno lako tu. Unauza, unamrudishia mwenye mali bei yake, kinachozidi ni chako. Kariakoo watu wazima wamejengea nyumba kwa njia hiyo, na wengine wameuza nyumba.

"Kauli ya nani?" Ami aliuliza. "Yako au ya kaka yako?"

"Yangu."

"Ukivunja?"

"Nitalipa."

Alicheka mpaka akakohoa, kisha akamtolea dazeni mbili za vikombe vya udongo vyenye maua ya bluu.

Jioni nilimshonea shuka la kutandikia. Nilishona kama ninavyowashonea machinga wanaopanga soksi mbele ya cherehani yangu: pindo pana pande zote, kamba imepita ndani ya pindo, ncha zake zinatokea kona moja. Mgambo wakitokea, machinga anavuta kamba, shuka linakuwa mfuko, mfuko begani, mtu hayupo. Nimeshona mashuka ya namna hiyo mengi kiasi kwamba sikujiuliza vikombe vinahitaji kamba ya nini. Kwangu mimi shuka la kupangia biashara chini lina kamba, basi.

Asubuhi ilianza vizuri. Mdogo wangu alipanga vikombe vyake mistari mistari, akapandisha sauti:

"Kikombe cha wageni! Kikombe cha mama mkwe! Usipochukua leo utanywea kwenye kopo!"

Watu walicheka, vichache vikanunuliwa. Shangazi, kwenye kiti cha plastiki kivulini, hakucheka.

"Maneno hayo umemfundisha wewe?"

"Hapana, shangazi. Anayasikia kwa machinga."

"Ndicho ninachokisema siku zote."

Ndipo wale mgambo wawili wakaingia uwanjani. Walikuwa wamesikia kuna chai na visheti, na mmoja alishatoa hela mkononi. Lakini muuza karanga aliyekuwa anapita na sinia lake aliona sare, akafanya ambacho kila machinga hufanya. Alipiga kelele, "Mgambo!" akatimua mbio.

Mdogo wangu hakugeuka hata kuangalia. Aliinama, akavuta kamba, shuka likafunga vikombe vyote kwa mkupuo mmoja. Nikasikia sauti ya udongo ukigongana. Akautupa mzigo begani, mzigo ulioelekea kumzidi, akapenya katikati ya wazazi na kutoka.

Uwanja mzima uliangua kicheko. Hata mgambo walicheka. "Huyo tumemkosa," mmoja alisema. Nami nilicheka, nikisubiri arudi akiwa na aibu.

Hakurudi. Mdogo wangu wa kiume alimkimbilia, akarejea peke yake akihema.

"Amevuka barabara, kaka. Nilimwona upande wa pili, halafu sikumwona."

Barabara ile ni kubwa. Ng'ambo yake ni Kariakoo, na ilikuwa Jumamosi. Mwalimu mkuu alichukua kipaza sauti akaanza kumtangaza mtoto wa gauni la njano. Shangazi alisimama. Akajifunga mtandio kiunoni.

Nilivuka bila kuangalia magari. Kuna kelele ya breki naikumbuka, na mtu akinitukania mama yangu. Ndani ya Kariakoo kila gauni lilikuwa la njano. Nilimshika bega mtoto wa watu, mama yake akanivuta mkono: "Wewe, vipi?" Niliomba radhi nikiwa tayari naondoka. Niliuliza wauza mikoba, niliuliza wapasua miwa, nikachungulia chini ya meza za watu. Niliwaza bodaboda na mikokoteni, na mtu yeyote mwenye sauti nzuri anayeweza kumwambia mtoto, njoo huku. Nilijikuta nikimwita kwa sauti, na sauti yangu ilikuwa ya mama, jinsi alivyotuita akiwa na wasiwasi. Hilo lilinitisha kuliko yote.

Nilifika mbele ya cherehani yangu bila kujua nimefikaje. Yule kijana wa soksi alinishika mkono.

"Fundi, vipi, umefiwa?"

Nilimweleza. Alinisikiliza huku akiendelea kukunja soksi, kisha akauliza, "Alivuta kamba?"

"Alivuta."

"Basi yuko kazini huyo. Sisi tukikimbia hatukai barabarani, bro. Tunaingia uchochoro wa nyuma ya maduka ya magodoro, tunapanda ngazi. Mara ngapi ametuona hapa? Twende."

Nilimfuata. Uchochoro ulikuwa mwembamba, una maji machafu, na ngazi zilikuwa za giza. Kwenye ghorofa ya kwanza kulikuwa na stoo ya mama mmoja wa Kichaga anayeuza mashuka kwa jumla. Mlangoni, juu ya robota, mdogo wangu alikuwa amekaa amekumbatia mzigo wake. Goti lilikuwa linatoka damu.

"Ni wako huyu?" yule mama aliuliza. "Kaingia na vijana wanaokimbia kelele za mgambo, wao wameshashuka, yeye kagoma. Nimempa soda kaikataa. Eti hanywi, yuko kazini."

Nilikaa kwenye ngazi.

"Kaka," mdogo wangu alisema, "wameondoka? Mimi sikuacha hata kimoja."

Alilegeza kamba anionyeshe. Ndani kulikuwa na vigae, maua ya bluu yamekatika vipande vipande, na vikombe vichache vizima vimekaa katikati kama vimeshangaa. Alivitazama kwa muda mrefu. Hakulia mpaka alipojaribu kuunganisha mkono uliovunjika na kikombe chake.

Tuliporudi uwanjani mwalimu mkuu alikuwa bado anatangaza. Shangazi alimkagua mtoto kichwa mpaka miguu, akamfuta goti kwa ncha ya mtandio wake mzuri, kisha akafungua pochi na kumgeukia Ami, aliyekuwa amekuja kuangalia biashara ya mteja wake.

"Ami, niambie ni kiasi gani nimalize. Halafu mtoto naondoka naye."

Nilijua siku aliyoisema shangazi imefika. Aliyesema ni mdogo wangu, nyuma ya mguu wangu.

"Ami, nilisema nitalipa mimi."

"Utalipa kwa kitu gani, bibie?"

"Kwa kazi."

Ami alivua miwani, akaifuta.

"Dada yangu, funga pochi," alimwambia shangazi. "Kauli ilikuwa ya huyu, si yako wala ya kaka yake. Nikichukua hela yako nitakuwa nimemfundisha nini? Aje Jumamosi, saa mbili tatu tu, anifutie vumbi vyombo. Nitamkata kidogo kidogo."

Shangazi alirudisha ndani noti alizokwisha kuzitoa. Kisha akafunga pochi.

"Deni likiisha tutazungumza," aliniambia. "Na kila Jumamosi nitakuja kuangalia."

Vikombe vilivyopona viliuzwa siku ileile. Bei ya Ami ya vikombe hivyo tulimrudishia papo hapo, na kilichozidi, kidogo sana, mdogo wangu alikitia mwenyewe kwenye sanduku la tangi.

Sasa kila Jumamosi namsindikiza mpaka mlangoni kwa Ami, nasubiri mpaka apande kigoda chake, ndipo narudi kwenye cherehani. Hataki kushikwa mkono, yuko kazini; wangu unabaki wazi njia nzima. Shangazi huja, hukaa dukani, hunywa kahawa ya Ami, hamwondolei mtoto macho. Juzi nilimuuliza Ami deni limebaki kiasi gani. Alimtazama mdogo wangu akifuta birika, ncha ya ulimi ikiwa nje, akasema bado, bado lipo.

Kwa hesabu yangu lilishaisha wiki nyingi zilizopita, lakini sikuuliza zaidi.