Mama Vitenge kwa Herufi Ndogo

Kariakoo ukimuulizia mtu kwa jina la kwenye cheti chake cha kuzaliwa, utazunguka mpaka soli ziishe na hutampata. Hapa mtu anaitwa kwa mzigo wake. Ulizia Sitara binti Abdulrazak, mwenye fremu mbili za duka Mtaa wa Sikukuu, na watu watakutazama tu. Ulizia Mama Vitenge, hata aliyeingia mjini juzi atakushika mkono mpaka mlangoni. Jambo hili kila mtu analijua, na hakuna aliyewahi kuliona kuwa ni mali, isipokuwa Awadhi Mrisho.

Awadhi ni mwekezaji. Msicheke, ndivyo anavyojiita mwenyewe, na shati huwa amechomekea. Kazi yake ni kununua na kuuza majina ya mtandaoni, zile anwani unazoandika kwenye simu ili ufungue tovuti ya duka la mtu. Unalisajili jina mapema, unalilipia ada kila mwaka, unakaa nalo, unamsubiri anayelitaka aje kulinunua kwa bei yako. Watu wa kamusi wanayaita vikoa. Awadhi anayaita domeni. Majirani zake, bila mkutano wala kura, walikubaliana kuyaita hewa.

"Mwekezaji, hewa imepanda leo?" Elisaria humuuliza kila asubuhi. Elisaria ni muuza chaja na kava za simu, na ndiye aliyempangishia Awadhi nusu ya meza dukani kwake.

"Soko limetulia," Awadhi hujibu. Na kweli lilikuwa limetulia. Lilikuwa limetulia kwa miaka mitatu mfululizo, kwa maana kwamba kununua alikuwa amenunua sana, ila kuuza ndiko kulikogoma.

Zamani alikuwa karani wa wakala wa forodha bandarini, miaka kumi na mmoja ya kunakili namba za makontena juani. Siku moja bosi wake akataka tovuti, akakuta jina la kampuni yake limeshashikwa na mtu huko Ulaya ambaye hata kontena hajawahi kuligusa. Bosi akanung'unika, akatukana kidogo, halafu akalipa kwa dola. Awadhi ndiye aliyetumwa benki. Akarudi na risiti mkononi na swali kichwani: mimi natoka jasho, mwenzangu anakula kwa neno moja tu? Haikupita miezi sita akaaga bandari.

Sasa akili ni nywele, kila mtu ana zake, na za Awadhi zilikuwa na mtindo wake. Alianza kwa kusajili Kariakoo yenye "o" moja mwishoni, kwa hesabu kwamba watu wa Kariakoo wana haraka, watakosea kuandika. Haraka kweli wanayo, lakini hawaandiki, wanapiga simu. Akanunua maneno ya vijana wa mtaani. Ada ya mwaka wa pili haijafika, vijana wameshahamia maneno mengine, yale ya kwanza wamewaachia baba zao.

Ndipo siku moja, amekaa kwenye nusu meza yake, akamsikia mteja akiuliza Mama Viatu yuko mtaa gani. Dakika tano nyingine akapita wa kumuulizia Mama Viungo. Awadhi akashika kichwa kwa mikono miwili. Dhahabu yote hii iko chini ya pua za watu na wanaikanyaga. Wiki ile ile akasajili majina kumi na matatu kwa mpigo: Mama Vitenge, Mama Viatu, Mama Viungo, Mama Viazi, Mama Vitumbua, Mama Vikoi, na ndugu zao wote. Akayaorodhesha kwenye daftari kwa herufi kubwa safi, kila neno na nafasi yake, kama mabango ya maduka. Mtandao wenyewe, mnajua, hauna nafasi kati ya neno na neno, wala herufi kubwa hauzijali. Hilo Awadhi alilijua vizuri sana. Kulijua na kulitazama ni vitu viwili.

Miaka miwili ikapita. Mke wake Nasreen, mwalimu wa darasa la pili pale Ilala, alikuwa mtu wa maneno machache na daftari nyingi za kusahihisha. Shaaban ilipoingia akamwambia, bila ukali, "Baba Nurdin, Ramadhani ikiandama hujauza hata moja, uende kwa Mudi." Mudi ni kaka yake Nasreen, anauza viatu vya mitumba Mchikichini, na alikuwa akitafuta mtu mwaminifu wa kumfungulia marobota.

Awadhi akaitikia kwa kichwa, akaingia chumbani, akakaa kitandani. Viatu vya mitumba havikumuuma, kazi ni kazi. Kilichomuuma ni kwamba mtu pekee ambaye alitaka amwamini alikuwa hamwamini. Majirani wacheke, hiyo ndiyo kazi ya majirani. Lakini Nasreen? Akaapa moyoni kwamba atauza jina moja, hata moja tu, si kwa ajili ya hela, bali ili amtazame mke wake usoni na kumwambia, unaona.

Basi siku tisa zikiwa zimebaki, akachomekea shati na kwenda Mtaa wa Sikukuu.

Bi Sitara alikuwa amekaa kwenye kiti chake cha plastiki katikati ya majora ya vitenge, anakunywa chai ya tangawizi, miwani imeshuka mpaka ncha ya pua.

"Shikamoo, Bi Sitara."

"Marahaba, baba. Nasikia unauza jina langu."

Umbea wa Kariakoo hauhitaji mtandao. Awadhi akavuta stuli. "Siuzi jina lako, bi mkubwa. Nauza fremu yenye jina lako. Iko mtandaoni, mlango wake unafunguka Lindi, Songea, mpaka Lubumbashi. Mimi niliiwahi. Sasa wewe ndiye mwenyewe, unanipa kilemba, nakupisha."

Hapo alisema neno. Kilemba ni ile fedha unayompa mpangaji anayetoka ili akuachie fremu yake, na Kariakoo hakuna asiyewahi kukilipa, kukidai au kukigombania. Kwa miaka mitatu Awadhi alikuwa amewaeleza watu kuhusu rasilimali za kidijitali na wote walipiga miayo. Neno moja la kilemba, Bi Sitara akapandisha miwani.

"Kodi je?"

"Ya mwaka, ndogo. Haifiki bei ya doti nne za kitenge."

"Mwenye nyumba ni nani?"

"Yupo, lakini hajawahi kuja kumpigia mtu kufuli."

"Huyo ndiye mwenye nyumba ninayemtaka," akasema Bi Sitara. Wakaanza kuvutana bei. Awadhi akaanzia milioni tatu, bibi akajifanya kaishiwa pumzi, akasema hajapata kusikia hewa ya bei hiyo. Kufika adhuhuri wakawa wamekubaliana milioni moja na nusu. "Ila," akasema bibi, "mimi hata embe nikinunua naliminya kwanza. Nitampa Ansbert anichapie mfuko mmoja wenye hiyo anwani. Nikipenda ulivyokaa, kesho unachukua hela yako."

Awadhi alirudi nyumbani akiimba puani. Nasreen akamuuliza kuna nini. Akasema, "Utaona." Alikuwa amelisubiri neno hilo miaka mitatu.

Kesho yake duka lilikuwa limejaa. Kulikuwa na mama mmoja wa Masasi amekuja kufunga mzigo wa kwenda kuuza kwao, ameshachambua nusu ya duka na bado hajaamua. Kulikuwa na Shukuru, mchukuzi, amekuja kubeba robota, na kwa kuwa alipita kwa mchapaji Ansbert njiani, ndiye aliyeuleta mfuko. Ulikuwa mfuko mzuri, mwekundu, na mishikio imara. Lakini ulikuwa mwembamba, na Ansbert alitaka herufi kubwa zionekane kutoka ng'ambo ya barabara. Jina halikutosha mstari mmoja. Kompyuta ikalikata pale ilipoona panafaa, sita juu, tano chini.

Shukuru akaunyanyua mfuko juu kila mtu auone, akasoma kwa sauti ya mtu anayejivunia kisomo chake.

"Mamavi," akasema. "Tenge."

Wahenga wamesema penye wengi hapaharibiki neno. Wahenga hawakuwapo Mtaa wa Sikukuu siku ile. Watu wakaurudia mfuko kwa macho. Juu MAMAVI, chini TENGE. Yule mama wa Masasi akavuta ncha ya kitenge akaziba mdomo, mabega yakaanza kumcheza. Shukuru, baada ya kuelewa alichokisoma, akaushusha mfuko taratibu na kuugeuzia ukutani, kama kwamba ulikuwa uchi.

Awadhi aliyatazama maandishi yale. Mara elfu alikuwa ameliandika jina lile, na mara elfu alisoma Mama, akapumzika, akasoma Vitenge. Sasa alipoliona limeshikana alishindwa kuliona vingine. Lile neno la mavi, niwieni radhi, lilikuwa limekaa katikati kwa raha zake, na lilikuwapo tangu siku ya kwanza. Aliona aibu, aibu ya kweli, ya kutamani sakafu ipasuke.

Bi Sitara akamkatia yule mama wa Masasi doti mbili za bure, akamtazama machoni mpaka wakaelewana. Akampa Shukuru ya soda na ya kufunga mdomo. Halafu akamwashiria Awadhi waende stoo, nyuma ya marobota.

"Wewe una shule?" akamuuliza kwa sauti ya chini.

"Ninayo, bi mkubwa."

"Ya kusoma au ya kuchomekea shati?"

Awadhi akaomba radhi, akasema anaondoka na hela haitaki tena.

"Kaa chini. Hilo jina sasa hivi la nani?"

"Langu."

"Yule mshindani wangu wa vitenge wa ng'ambo ya barabara, akikupa hela utamnyima?"

Awadhi akafungua mdomo. Bibi akainua kidole. "Usiape. Njaa haina kiapo. Akilipata lile, atafungua hiyo tovuti yake na kuwaambia watu mpaka Lubumbashi, someni hapa. Fremu ya kulia kwangu unaijua? Nailipia mwaka wa sita, ndani hamna hata msumari. Niliilipia kilemba ili nifunge, asiingie mwingine. Na hii ndiyo hivyo hivyo. Nakupa laki sita, naifunga, ufunguo nauficha mimi. Na usimwambie mtu, hata mkeo. Sema wallahi."

"Wallahi."

Hela ikaingia kwenye simu hapo hapo. Awadhi akalihamisha jina likawa la Bi Sitara, akaonyesha kila hatua, akaaga kwa heshima. Ameuza. Baada ya miaka mitatu, Awadhi Mrisho ameuza domeni, na aliyeinunua amelipa ili isije ikaonekana na binadamu yeyote mpaka kiama.

Akashika barabara ya Uhuru kuelekea Ilala, na kichwa hakikumpa nafuu. Mama Viatu, akajisemea, akayaunganisha. Astaghfirullah. Mama Viungo. Nalo. Mama Viazi, Mama Vikoi. Alipofika Mama Vitumbua alisimama kabisa pembeni ya barabara, kwa sababu lile ni jina la chakula. Yote kumi na matatu, hakuna lililopona.

Nyumbani alimkuta Nasreen sebuleni, daftari za watoto zimemzunguka, kalamu nyekundu mkononi. Jua lilikuwa halijazama.

"Nimeuza," Awadhi akasema.

Nasreen akainua uso. "Umeuza nini?"

"Jina. Laki sita. Hizi hapa, tazama."

"Jina gani?"

Siku zote hizi alikuwa amelifanyia mazoezi jibu hili, na sasa kiapo kilikuwa kimekaa katikati ya meno. "Siwezi kusema. Ni siri ya mteja."

Nasreen akamtazama. Awadhi akaona kile alichokiogopa, akashindwa kujizuia. "Huamini. Najua huamini. Hujawahi kuamini kazi yangu hata siku moja, Mama Nurdin, na leo nimeleta hela na bado huamini."

Nasreen akaweka kalamu chini. "La vitenge," akasema polepole. "Si ndiyo? Na kalinunua alifiche."

Awadhi hakuitikia, maana ameapa, lakini hakuweza kukataa pia. Akauliza, "Nani kakwambia?"

"Hakuna. Kati ya wote kumi na watatu, mwenye laki sita za kufichia jina ni Bi Sitara tu. Na mimi nafundisha darasa la pili, baba. Kutwa nasoma maneno yaliyoshikana. Siku uliponiletea simu jikoni kunionyesha yote kumi na matatu, niliyaona kabla sijafuta mikono."

"Miaka miwili?"

"Miaka miwili. Ndiyo maana nilitaka uende kwa Mudi. Nilijua ipo siku atatokea wa kununua, atayasoma, na utaumbuka mbele za watu. Nikasema bora unune kwangu kuliko uchekwe Kariakoo."

Awadhi akakaa kwenye mkeka, katikati ya daftari. Alikuwa amebeba hasira yake tangu Shaaban iingie na sasa hakuwa na pa kuituma.

"Na siku ile yenyewe jikoni," akauliza, "kwa nini hukuniambia?"

Nasreen akaokota kalamu yake, akafungua daftari lililofuata. "Ulikuwa umefurahi," akasema. "Tangu utoke bandarini nilikuwa sijakuona umefurahi vile. Ningesemaje?"

Awadhi alitaka kumjibu, akakosa neno, yeye aliyekuwa na kumi na mawili ya kuuza.