Mikono Iliyokataa Kuinua Mwiko

Nayasema haya nikiwa nimesimama kwa miguu yangu mwenyewe, kwa sababu kuna watu hapa Voi walikuwa wameshaamua kwamba sitasimama tena. Wengine wenu mtasoma na mtajijua.

Naitwa Wakesho. Nilizaliwa Sagalla, juu mlimani, mahali ambapo msichana hubeba maji kabla hajajua kusoma. Nilipoolewa nikashuka Voi, nikaanza kufanya kibarua cha ujenzi, kuwapelekea mafundi simiti kwa karai. Baadaye nikajifunza kupiga plasta, nikawa fundi kamili. Kuna nyumba za kupangisha hapa mjini ambazo kuta zake ni kazi ya mikono yangu, na hakuna hata moja iliyobambuka. Mwanzoni wanaume walinicheka. Wakazoea.

Kitu kimoja tu kilikuwa kinanisumbua, kiungulia. Nikila maharagwe, moto unapanda kutoka tumboni mpaka kooni, nikiinama kuchota simiti maji machungu yananijia mdomoni. Dada mmoja tunayeabudu naye, nitamwita Mama Pendo, alikuwa akiuza virutubisho vya asili. Akaniletea kopo la vidonge.

"Hii si dawa," akaniambia. "Ni mzizi tu, mzizi mtamu unaitwa likorisi. Hauna madhara yoyote. Meza asubuhi na jioni."

Sitadanganya, kiungulia kilipungua. Nikalala vizuri. Kopo likiisha nanunua lingine.

Sikumbuki siku udhaifu ulipoanza, maana ulinijia polepole. Kwanza ni miguu. Kupanda jukwaa la mbao kukawa kama kupanda mlima na gunia mgongoni. Mapaja yanatetemeka. Kisha mishipa ya miguu ikaanza kukaza, nikilala inajikunja kama kamba mpaka nalia. Choo kikawa kigumu. Kichwa kinagonga. Viatu vya kazi vikanibana kwa sababu miguu ilikuwa imevimba. Halafu ikafika mikono. Ukutani mwiko unatakiwa kwenda juu kwa nguvu moja, na mimi nafika nusu, mkono unarudi chini wenyewe. Nyumbani nilishindwa kuchana nywele zangu, ikabidi binti yangu Mercy anichane.

Msimamizi wetu, Kilonzo, akanivuta kando.

"Mama Mercy, mwili wa mwanamke una kiwango chake. Umejaribu sana. Tafuta kazi ya kukaa, hata uuze mboga."

"Mboga nitauza siku nikitaka," nikamjibu. "Huu si uchovu, Kilonzo. Uchovu naujua."

Hilo ndilo lililoniuma kuliko mishipa. Kila mtu alikuwa na jibu lake, na majibu yote yalisema mimi ndiye mwenye makosa. Jirani alisema nimerogwa kwa kushika kazi ya wanaume. Kwenye kliniki moja ya mtaani walinipima presha, wakakuta iko juu, wakasema ni kazi nzito na mawazo, wakanipa vitamini. Nilipomwambia Mama Pendo, hata hakushtuka.

"Hiyo ni sumu inatoka mwilini, dada. Ni dalili nzuri. Ongeza dozi."

Nikaongeza.

Asubuhi moja niliingia choo cha nje, nikachuchumaa, nikamaliza, nikashindwa kuinuka. Nilishika ukuta. Nilishika mlango. Miguu ilikuwa pale naiona, lakini haikunisikia. Moyo ukawa unaruka, unapiga mara mbili kwa haraka, unanyamaza, unapiga tena. Nikamwita mume wangu. Baba Mercy alikuja akaniinua kama mtoto, akanifunga leso. Mimi nilikuwa na hasira mpaka machozi yakatoka. Nilimwambia, "Usinipeleke kwa mganga, wala usinipeleke kuombewa kwanza. Nipeleke hospitali."

Tulienda kwa bodaboda, mimi katikati, yeye nyuma amenishika kifuani nisianguke.

Hospitalini daktari alikuwa kijana mpole. Akanibandika nyaya kifuani kuangalia moyo, akatoa damu, akapima presha mara ya pili kwa sababu ya kwanza hakuiamini. Majibu ya damu yalipotoka alivuta kiti akakaa karibu.

"Mama, madini ya potasiamu kwenye damu yako yameshuka sana. Misuli haiwezi kufanya kazi bila hayo, na moyo pia ni msuli. Umekuwa ukihara au kutapika?"

"Hapana."

"Unatumia dawa gani?"

"Situmii dawa yoyote, daktari," nikasema, na niliamini hivyo. Niliambiwa si dawa.

"Hata mizizi? Hata chai ya dawa? Kitu chochote unachomeza?"

Baba Mercy ndiye aliyekumbuka. "Si kuna vile vidonge vya kopo, vya tumbo?"

Nilipomtajia jina, likorisi, daktari alitikisa kichwa polepole. Akanieleza kwamba mzizi huo ukitumiwa kwa wingi na kwa muda mrefu unaweza kuufanya mwili ushikilie chumvi na maji na kumwaga potasiamu kwenye mkojo. Presha inapanda, miguu inavimba, misuli inaishiwa nguvu. "Si kila mtu anapatwa," akasema, "lakini wewe umepatwa, na ungeendelea, moyo ungeweza kusimama."

"Kwa hivyo si kazi yangu?" nikamwuliza.

"Kazi yako haina kosa, mama."

Nilimwomba arudie, Baba Mercy asikie vizuri. Akarudia.

Waliniwekea potasiamu kwa dripu. Inachoma. Mkono mzima ulikuwa unawaka, na muuguzi akipita akiniuliza kama naweza kuvumilia namwambia aendelee tu. Kisha nikapewa ya kunywa, chungu na yenye chumvi. Vidonge vya kopo vilikomea hapo. Nguvu zilirudi kidogo kidogo. Siku niliyoinuka kitandani bila kushikwa, nilikaa tena makusudi, nikainuka tena. Presha ilichukua wiki kadhaa kushuka, na nilirudi kupimwa kila nilipoambiwa.

Nilipotoka nilienda kwa Mama Pendo. Nilimweleza kila kitu kwa utaratibu, na maneno ya daktari. Akasema wengi wamepona kwa vidonge hivyo, labda imani yangu ilipungua. Basi Jumapili iliyofuata, wakati wa ushuhuda, nikasimama mbele nikasema kama ninavyosema hapa. Mpaka leo hanisalimii. Sawa.

Kwa Kilonzo nilirudi na mwiko wangu. Akataka kunipa kazi ya kufagia. Nilikataa. Nikapanda jukwaa polepole, nikapiga ukuta mmoja, nikamwita aje na rula yake ndefu aupime. Aliupima juu, akaupima chini, akaenda kutafuta mtu mwingine wa kufagia.

Namshukuru Mungu, namshukuru Baba Mercy, na yule daktari aliyeuliza mara ya pili. Kiungulia bado ninacho, natibiwa hospitali. Na ninyi mnaosoma haya, chochote mnachomeza kitajeni kwa daktari, hata mkiambiwa ni mzizi tu au ni chakula. Mwili ukikataa kazi uliyoizoea, usikubali kuambiwa ni uzee au uvivu kabla hujapimwa damu.

Wiki iliyopita nilikuwa kijiji cha Rukanga, tunapiga plasta darasa, mama mmoja aliyesikia habari zangu akaja na kopo kama lile mkononi. Akaniuliza kama alitupe. Nilimwambia asilitupe, alibebe aende nalo hospitali, na kama anaogopa kusema, mimi nitakaa naye kwenye benchi mpaka aitwe. Tunaenda Jumatatu.