Ukungu Uliosafishwa

Jumatano, tarehe 9 Aprili. Manyunyu tangu alfajiri, upepo hakuna, mawingu ya chini. Saa tatu na robo jua lilichungulia upande wa pwani, likaona hali ilivyo, likarudi ndani.

Hivyo ndivyo Bwana Subiri alivyoandika kwenye daftari lake asubuhi hiyo, kama anavyoandika kila asubuhi. Jina lake halisi lipo kwenye leseni ya biashara iliyobandikwa ukutani, lakini hakuna anayelisoma. Mtaa mzima unamwita Bwana Subiri kwa sababu ndilo neno analolisema akishika kamera. "Subiri kidogo." Humwambia mteja, huliambia wingu, na siku moja alisikika akimwambia ng'ombe aliyekuwa anataka kuvuka barabara.

Studio yake ni chumba kimoja chenye pazia jeupe, stuli ya mbao, kioo, na chanuo lililofungwa kwa uzi lisije likaondoka na mteja. Nusu ya chumba ni ya mkewe, ambaye ni fundi cherehani. Kwa miaka ishirini na miwili Bwana Subiri amepiga picha za pasipoti hapo: kidevu juu, usicheke, masikio yaonekane. Kazi hiyo imesomesha watoto na hana neno nayo. Lakini kila Jumapili, na kila alfajiri anayoweza kuiiba, huchukua kamera akaenda pwani, au kwenye msitu ulio nyuma ya mji, au husimama tu kona ya barabara mvua ikimnyeshea.

"Wenzako mvua ikinyesha wanaingia ndani," mkewe humwambia. "Wewe unatoka kama kumbikumbi."

Picha hizo hakuna mtu aliyewahi kuzitaka. Wateja wanataka sura zao, mvua watafanyia nini? Mpaka wiki iliyopita, alipokuja muuguzi mkuu wa zahanati kupiga picha ya kitambulisho. Katika kumwonyesha kama masikio yameonekana, Bwana Subiri alibonyeza kitufe mara moja zaidi, na kwenye kioo cha kamera ukatokea msitu umemezwa na ukungu nusu.

"Huu ni moshi?" muuguzi aliuliza.

"Ukungu. Saa moja kasoro dakika kumi."

Muuguzi aliinamia kamera, akabonyeza mwenyewe, ikaja nyingine, na nyingine. Kisha akasema kuwa chumba chao cha kusubiria kimepakwa rangi mpya na ukuta uko mtupu, wagonjwa hawana cha kutazama isipokuwa saa. Akachagua sita: mbili za pwani, mbili za msitu, mbili za mjini. Amletee Jumatano saa nane, zikiwa kubwa.

Bwana Subiri hakuweza kula vizuri siku hiyo. Jumatatu alipeleka kadi ya kamera kwa shemeji yake, mdogo wa kike wa mkewe, mwenye duka la steshenari na mashine kubwa ya kuchapa. Alimwandikia kwenye karatasi namba za picha sita, akamwambia kwa mdomo: "Shemeji, nisafishie hizi. Kubwa, za ukutani."

Basi Jumatano hiyo saa sita, manyunyu yakiwa bado hayajakoma, akaenda kuzichukua.

"Shemeji! Kaa kabisa," alipokelewa. "Leo utanibeba mgongoni."

"Kuna nini tena?"

"Si ulisema nikusafishie? Nimekusafishia mpaka zinang'aa. Siku mbili hizi hata kwenda kusuka sijaenda."

Akamfungulia ya kwanza. Ilikuwa ya msitu. Miti ilisimama mmoja mmoja, mikavu na ya kijani, kama watu waliopangwa foleni.

"Ukungu uko wapi?"

"Ule uchafu? Nimeutoa wote. Umenitesa huo!"

Ya pili ilikuwa ya pwani. Anga lilikuwa la bluu kama ndoo ya plastiki.

"Shemeji, hapa kulikuwa na mvua inakuja."

"Nimeirudisha."

Ya tatu, mjini. "Madimbwi nimeyakausha," shemeji alieleza, sasa akianza kumwangalia usoni. "Na huyu mama mwavuli wake ulikuwa umepinduliwa na upepo, nikamnyooshea. Aibu, jamani, mtu kutundikwa ukutani hivyo."

"Nipe kadi yangu."

"Kadi nayo nimeisafisha. Ilikuwa imejaa mno, mapicha ya miaka yote; sasa haina hata moja, zimebaki hizi tu nilizong'arisha."

Bwana Subiri alikaa juu ya boksi la karatasi. Alijifunza kazi zama za filamu, kwenye chumba cha giza, na huko kusafisha picha ni kuitoa: unaitia kwenye dawa, na sura inakuja polepole kutoka kwenye weupe. Mpaka leo hana neno lingine. Shemeji yake alianza kazi zama za kompyuta, na kusafisha picha kwake ni kuondoa chunusi za bibi harusi. Mmoja aliomba, mwingine akatenda, wala hakuna aliyekosea.

"Mama yangu!" shemeji alisema alipoelewa, mikono kichwani. "Sasa kwa nini hukusema 'chapa'?"

"Na wewe kwa nini hukuuliza?"

"Shemeji, uliwahi kuona mtu anaulizwa kama anataka uchafu wake?"

Bwana Subiri akacheka, maana kulia asingeweza mbele ya shemeji. Akazibeba picha zake sita, ambazo hazikuwa na tone hata moja la maji, akazifunika kwa nailoni zisilowe.

Kwenye zahanati muuguzi mkuu alizipanga juu ya benchi moja baada ya nyingine. "Safi sana," alisema.

"Hilo ndilo tatizo lenyewe," alijibu Bwana Subiri.

Alikuwa amepanga kunyamaza. Njia nzima moyo ulimwambia: nyamaza, ukuta ni ukuta, miaka ishirini na miwili hakuna aliyekuomba picha ya mti. Lakini aliiona ile pwani yenye anga la ndoo, na mdomo ukafunguka wenyewe. Akasimulia yote, mpaka mwavuli. Muuguzi alicheka hadi akashika ukuta wake mpya.

"Lakini ni nzuri tu," alisema alipopata pumzi. "Wagonjwa hawatajua."

"Mimi nitajua. Kila nikija kupima presha itapanda."

Muuguzi akatazama saa. "Sikiliza, baba. Fundi wa kutundika anakuja kesho saa nne, na nikimkosa kesho simpati tena mwezi mzima. Ukitaka hizi, zitatundikwa. Ukileta hata moja kama zile za mwanzo, nakuachia ukuta wote, utaleta nyingine polepole. Usipoleta kitu, stoo kuna mabango sita ya jinsi ya kunawa mikono, yanangoja nafasi tangu mwaka juzi."

Jioni mvua ilikata na anga likafunguka. Bwana Subiri alivuta daftari lake, na la mwaka jana, na la mwaka juzi, akawa anapitisha kidole. Mkewe alikuwa anapindia suruali ya mteja.

"Aprili," alisema Bwana Subiri. "Manyunyu mchana kutwa, bila upepo, jioni kweupe. Mara tisa imekuwa hivyo. Mara sita kesho yake msitu umekuwa na ukungu, kati ya saa kumi na mbili na nusu na saa moja na robo."

"Na zile tatu?"

"Nilipata mafua."

Mkewe alikata uzi kwa meno. "Kesho nakuja."

"Kufanya nini?"

"Nataka kuuona huo uchafu kwa macho yangu. Miaka yote nafua matope yake tu."

Alhamisi, tarehe 10 Aprili. Kweupe, umande mwingi, upepo hakuna. Saa kumi na mbili na nusu walikuwa wamesimama ukingoni mwa msitu, kamera juu ya miguu yake mitatu, mke amejifunga khanga mbili na mikono kwapani. Msitu ulikuwa mkavu na wazi kama picha ya shemeji. Saa moja kasoro kumi, hakuna kitu.

"Huo ukungu wako umekwama kwenye foleni?"

Bwana Subiri alipangusa lenzi. Saa moja kamili. Saa moja na dakika kumi alianza kulegeza skrubu za kamera.

"Baba watoto," mkewe alisema kwa sauti nyingine kabisa. "Geuka."

Ulikuwa unatokea nyuma yao, bondeni kwenye kijito, mahali ambapo kwa miaka yote hakuwahi kuelekeza kamera. Ulipanda bila haraka, ukafunika miguu ya miti, kisha viuno, na jua likagonga vilele vilivyobaki. Alizungusha kamera, akapiga mara nne. Dakika sita baadaye ulikuwa umeshaondoka.

Shemeji alifungua duka kabla ya wakati wake na kuchapa moja, ile ya tatu, huku mkono wake mmoja ukiwa nyuma ya mgongo. "Sijagusa kitu," aliapa. "Hata kioo cha kompyuta sijapangusa."

Saa nne kasoro dakika tano Bwana Subiri aliingia chumba cha kusubiria. Fundi alipigilia msumari katikati ya ukuta, picha ikatundikwa, muuguzi mkuu akainamisha kichwa kushoto, kulia, akaitikia, akaenda kuita mgonjwa wa kwanza. Bwana Subiri hakuondoka. Alikaa kwenye benchi, kati ya mama aliyepakata mtoto na mwanamume mwenye bandeji mguuni, akatazama kama wao.

"Na wewe, mzee," yule wa bandeji alimuuliza baada ya muda, "unaumwa nini?"

"Siumwi," alisema. "Nimekuja kuangalia tu."