Kidole cha Pete

Kwenye saiti zetu, fundi nondo mwenye vidole kumi vizima huulizwa kama ameanza kazi jana. Mimi nilikuwa navyo vyote, na nilikuwa najisikia. Kisha, wiki chache kabla ya ndoa yangu, tukishusha nondo kwenye jengo la gesti Kahama, mzigo uliteleza ukanibana mkono wa kushoto. Glovu zilikuwapo. Zilifungiwa stoo zisichakae.

Hospitalini daktari alikiondoa kidole kimoja chote, kile cha pete. Aliniuliza nafanya kazi gani, nikamwambia, akaandika bila kushangaa. Maumivu niliyavumilia. Hofu ndiyo ilinishinda. Mchumba wangu alikuwa kwao Ushirombo, na nilijua atashauriwa aniache kabla sijapungua zaidi.

Nilikwenda huko na bandeji yangu. Shangazi yake, aliyetoka Didia kuja kusimamia harusi, aliitikia shikamoo yangu akiwa anautazama mkono.

"Ng'wanawane, mwanangu, pete utaivalia wapi?"

Nikasema mkono wa kulia upo.

"Leo kidole, kesho mkono. Binti yetu tunamwoza mwanamume au mabaki?"

Mchumba wangu alikuwa pale pale anachambua mchele. Aliendelea kuchambua bila kuinua macho. Ukimya ule uliniuma kuliko kisu cha daktari.

Padri hakuona tatizo. Ndoa ilifungwa, pete ikaingia mkono wa kulia, na shangazi akapiga vigelegele kama mtu aliyelazimishwa. Mke nilikuwa nimempata, ila sikujua kama amenikubali au ameona aibu kuahirisha sherehe.

Kidonda kilipokauka nilirudi kazini. Msimamizi akaiona pete, akasema ni marufuku: ikinaswa na nondo, inaondoka na kidole. Jioni nilimweleza mke wangu kwa sauti ndogo, maana ndoa yenyewe ilikuwa bado mbichi. Alikuwa anasonga ugali, hakugeuka.

"Vua, nitaitunza mimi," alisema. "Hivyo vilivyobaki ni vyangu. Navitaka vyote."

Pete sasa iko kwenye kopo la majani ya chai, naivaa Jumapili. Siku za kazi, nikirudi, ananimwagia maji ya kunawa mwenyewe, polepole, akipitisha macho kidole kwa kidole. Hasemi anafanya nini. Akifika cha mwisho, ndipo ananipakulia.