Nilivyokwenda Bangwe Kuangalia Mita Zilizojizima

Niliondoka Tabora kwa sababu ya simu moja. Kampuni yetu hufunga mita janja, zile zinazosomwa na kuzimwa kutoka ofisini bila fundi kugonga mlango. Msimamizi wangu aliniambia nyumba za Bangwe, Kigoma, zinakatika umeme zote kwa mpigo, na nguzo ni nzima.

"Wewe ndiye uliyezifunga," akasema. "Nenda kaangalie."

Alfajiri nikapanda basi. Tuliposimama Uvinza kula, abiria mwenzangu aliniuliza nafuata nini Kigoma. Nikamjibu kwa majivuno kidogo, "Kukaza waya tu."

Jioni tuliingia mjini, nikapata gesti Buzebazeba.

Saa tatu asubuhi nilikuwa Bangwe, nyumbani kwa Bi Mwajuma, aliyekuwa wa kwanza kulalamika. Mumewe, Mzee Ramadhani, alikuwa ameketi kitandani, mpira wa mashine ya oksijeni puani, dirisha likitazama ziwa.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Mwakeye, mwanangu," akaongeza salamu ya asubuhi kwa Kiha. "Ndiwe fundi?"

Kabla sijafungua begi, mita ukutani ikalia ta! Mashine ikaanza kupiga king'ora. Huko nje redio za majirani zikanyamaza kwa pamoja. Mzee akawa anavuta pumzi kwa mabega. Bi Mwajuma akatoa mtungi mdogo wa oksijeni uvunguni, akahamishia mpira huko.

"Huu ukiisha sina mwingine," akasema.

Nikatoka mbio hadi kwenye nguzo lilipo sanduku linaloongoza mita za mtaa mzima. Nikaunganisha kompyuta. Waya zote zilikuwa salama. Ila kwenye kumbukumbu kulikuwa na amri: zima, zima, zima, nyumba baada ya nyumba. Nikapiga simu ofisini.

"Sisi hatujatuma kitu," msimamizi akasema. "Amri imeingia kwa jina la nani?"

Nikasoma. Lilikuwa jina langu. Hapo nikakumbuka kwamba sanduku nililisajili kwa jina langu, na namba yake ya siri ilikuwa bado ile ya kiwandani, iliyochapwa kwenye kitabu cha maelekezo ambacho yeyote anakipata mtandaoni. Siku ya kufunga nilikuwa na haraka. Nilijiambia nitaibadilisha kesho.

Niliibadilisha palepale, kisha nikawasha nyumba zote.

Niliporudi, mashine ilikuwa inanguruma na Mzee ametulia. Bi Mwajuma akauliza, "Nani ametufanyia hivi?"

"Aliyeingia simjui, mama. Huenda hata Kigoma hajawahi kufika. Lakini mlango niliuacha wazi mimi."

Mzee akadakia kwa sauti ndogo.

"Na kwingine?"

"Kwingine wapi, mzee?"

"Kwingine ulikofunga."

Mchana huo nilikwenda Ujiji, nikakuta namba ileile. Nikaenda Simbo, ileile; kote nikaibadilisha.

Kesho yake, ndani ya basi la kurudi, niliwapigia mafundi wenzangu mmoja mmoja, nikiwauliza kama wao walibadilisha. Wa kwanza akaniuliza, "Kubadilisha nini?" Wa pili naye akauliza hivyohivyo.

Miaka yote nilidhani kazi yangu inakwisha taa inapowaka. Bangwe nilijifunza kwamba nilikuwa nimeshika pumzi ya mtu mkononi, na sikuwa hata na habari.