Tanga la Kukanyagwa

Shamsa binti Mbwana alikuwa mbishi tangu yuko mgongoni, na Mashavu, mama yake, hakuona haya kulisema hilo mbele ya wageni. Mtaani kwao Mombasa walipomwambia kwamba msichana wa Kibajuni hapandi kibao cha magurudumu, alijifunga buibui kiunoni, suruali ya jinzi ikabaki nje, akakipanda hapo hapo mbele yao. Kibao chenyewe alikipata kwenye marobota ya mitumba Kongowea, kimepasuka ncha moja, hakuna aliyekitaka. Wanawake wakashika midomo. "Heee, binti ya fundi Mbwana kawa mwanamume!" Shamsa akawapungia mkono, akateremka nacho mteremko mzima, na mwisho wake akaanguka kifudifudi. Goti la suruali likachanika. Alicheka mwenyewe kabla hawajamcheka.

Goti hilo ndilo lililoanzisha mambo. Baba yake alikuwa akishona maturubai ya malori, kazi ya kutia kitu tumboni tu, maana kule kwao kisiwani Chula, pwani ya Somalia, alikuwa fundi wa matanga, na tanga lake lilijulikana mpaka Kismayu. Tangu mdogo Shamsa alikaa naye kibarazani akimvutia uzi, mkono ukaujua mshono ule wa baba: unakwenda mbele, unarudi nyuma, hauachii. Basi akachukua kipande cha turubai, akakitia gotini kwa mshono huo huo. Wenziwe wa vibao wakakiona, wakataka. Mbaraka, bingwa wao wa kuruka ngazi na wa kuchana suruali, alileta tatu kwa mpigo. Mara viraka vikawa na umbo la samaki na la nanga. Mara suruali zikawa zinatoka kwa Shamsa zimeshonwa upya kabisa, nusu jinzi nusu turubai, na watu wasiojua hata kusimama juu ya kibao wakazivaa. Baba alizitazama, akatikisa kichwa, akasema mshono si mbaya. Kwa Mzee Mbwana hiyo ni sifa kubwa.

Ugomvi ulikuja na tanga.

Nadia, dada aliyesimamia ukumbi mmoja wa sanaa Mji wa Kale, aliziona suruali zile akamwambia Shamsa alete kazi kwenye maonyesho ya mitindo na uchoraji. Shamsa akakusanya suruali zote zilizochakaa, zake na za wenziwe, akaziunga zikawa tanga zima, kubwa la kujaza sakafu. Kisha akapaka magurudumu rangi, akalipanda na kibao, mistari ikajichora, myekundu na myeusi, ikipinda na kukatana. Alikuwa katikati ya kazi hiyo uani, Mzee Mbwana akarudi kutoka msikitini.

"Shuka," alisema.

"Baba, sijamaliza."

"Shuka nakwambia! Tanga halikanyagwi. Hata kuliruka halirukwi. Mchu mzima, hujui hilo?" Akighadhibika, "mtu" kwake hurudi kuwa "mchu" wa Kibajuni.

Kwao Chula, tanga likitandazwa mchangani kushonwa, hata mtoto mdogo analizunguka. Shamsa alilijua hilo. Na alijua jingine, alilosimuliwa na mama kwa sauti ya chini. Siku walipofika wenye bunduki, mwaka ule wa tisini na mbili, tanga jipya la baba lilikuwa limetandazwa pwani. Mmoja wao alilipita na mabuti, kutoka upande hadi upande, taratibu, akimtazama baba usoni. Kisha wakalikata, wakafunikia mizigo yao ya wizi. Kesho yake baba na mama walipanda chombo cha jirani, wakashukia Ras Kamboni, wakavuka mpaka hadi Kiunga, na tokea hapo Mzee Mbwana hajashona tanga tena.

"Mpaka leo wale ndio wa mwisho kukanyaga tanga letu," Shamsa alisema kwa hasira. "Sikubali, Baba! Hili nalikanyaga mimi, na kila anipendaye atalikanyaga."

"Basi huko kwenye maonyesho usilitaje jina langu. Na kamba ya ukingo utaitia mwenyewe." Akaingia ndani.

Hilo la kamba lilimchoma. Ukingo wa tanga hushonewa kamba, na hapo ndipo fundi hujulikana. Bila ya kamba nguo hufumuka. Baba alikuwa hajamfundisha. Shamsa akajitia kushona peke yake, akavuta kupita kiasi, pembe moja ikajikunja kama sikio la mbuzi. Alilia kwa uchungu, akapenga kamasi, akaendelea. Aliache? Wapi!

Siku ya maonyesho tanga lilitandazwa sakafuni. Shamsa alikuwa amemweleza Nadia kwamba watu wapite juu yake, lakini Nadia, kwa wema wake, aliona kazi nzuri hivyo itachafuliwa, akalizungushia utepe. Tena ukutani amebandika kikaratasi: Machozi ya Mkimbizi. Shamsa alipokisoma damu ilimchemka.

"Machozi ya nani?" Akakibandua, akakata utepe kwa mkasi. "Haya, piteni!"

Watu wakatazamana. Hakuna aliyeinua mguu. Hata Mbaraka, asiyeogopa ngazi yoyote, alijikuna kisogo akasema viatu vyake vichafu. Shamsa akaweka kibao chini apande mwenyewe, na mguu ukawa mzito. Aliwaza: wasipokanyaga, basi yale mabuti yameshinda.

Hapo akamwona Mzee Mbwana mlangoni, na kanzu yake ya Ijumaa, Mashavu nyuma yake akimsukuma mgongoni. Mzee akaja mpaka ukingoni, akaikodolea macho ile pembe iliyojikunja.

"Nani kashona hapa?"

"Mimi, Baba."

"Umeivuta kamba kama wamnyonga mchu."

Watu wakacheka. Yeye hakucheka. Akavua makubadhi akayaweka kando, akasema bismillahi, akalikanyaga tanga. Akapita juu ya ile mistari, taratibu, kutoka upande hadi upande, mpaka penye pembe. Akakaa kitako hapo hapo juu ya tanga, akatoa mfukoni sindano na kile kipande cha ngozi anachovaa kiganjani kusukumia sindano, akaanza kuifumua kamba aishone upya.

Nadia akamwendea mbio. "Mzee, samahani, hii ni kazi ya..."

"Ni tanga letu," akamjibu bila kuinua uso. Kisha akamgeukia bintiye. "Na wewe wangoja nini? Lete kibao chako."