Nyayo Zilizofika Mlangoni Kwangu

Miaka ile ambayo kila mwenye mtaji aliruhusiwa kufungua biashara aipendayo, Bariadi ilipata vitu kwa mkupuo. Wanunuzi binafsi wa pamba walikuja na mizani yao, kampuni za simu zikaja na minara yao, na mwenye duka mmoja wa mjini akanunua kompyuta nne kuukuu akazipanga kwenye chumba kilichokuwa stoo ya sabuni. Alinipa mimi kazi ya kuisimamia hiyo intaneti kwa sababu nilikuwa na cheti cha kompyuta kutoka Mwanza na, kama alivyosema mwenyewe, kwa sababu sikuwa na mume wa kuja kuniita katikati ya kazi. Siku hiyo nilicheka. Baadaye maneno hayo yalinikaa vibaya moyoni.

Sikuwa mtu wa watu, nakiri. Mteja akibonyeza kibodi kama anatwanga mtama, nilimfokea mbele ya wenzake. Watu walikuja, wakamaliza shida zao, wakaondoka. Jioni nilifunga mlango, nikaenda kwenye chumba changu cha kupanga kusonga ugali wa mtu mmoja. Jaribuni siku moja kusonga ugali wa mtu mmoja. Siku zote unabaki.

Mteja pekee aliyekuwa akikaa ni mwalimu mmoja wa shule ya msingi, mwanamke wa rika langu, mzaliwa wa Mkula. Alianza kuja Jumamosi kusoma barua pepe za dada yake aliyekuwa Dar es Salaam, kisha akawa anakuja hata kama hana barua yoyote. Alikaa kwenye benchi, akavua viatu, tukapiga soga mpaka saa ya kufunga. Alinitania kwamba ukali wangu ni wa mbwa aliyefungwa, anabweka ili mtu asiondoke. Mtu mwingine angesema hivyo ningemtoa nje. Kwake nilicheka, maana ilikuwa kweli, na nilimpenda kwa kuijua.

Msimu mmoja wa pamba alikuja amevimba kwa hasira. Mnunuzi mmoja alikuwa amepatana na mwalimu mkuu wake, na watoto wa darasa la sita na la saba walikuwa wanatolewa darasani kwenda kushindilia pamba na kuipakia kwenye malori. Alikuwa amelisema jambo hilo kwenye kikao cha walimu, akaambiwa akae chini. Basi akakaa kwenye kompyuta ya pembeni, akaandika yote kwenye jukwaa moja la mtandaoni, kwa jina la kubuni. Kujiandikisha nilimwonyesha mimi. Aliniuliza mara mbili kama watamjua. Nikamwambia jina lake halipo popote, awe na amani.

Hapa lazima nieleze jinsi tulivyolelewa, ingawa sielezi ili nisamehewe. Kwetu Nassa, ng'ombe wakiibwa unapigwa mwano, lile yowe la kukiita kijiji kizima, na wanaume wanafuata nyayo. Nyayo zikifika kwenye mji wako, yaani boma lako, ni juu yako kuonyesha zilikotokea. Unatoka, unatembea nao, unawaonyesha kwato zilipovuka mpaka wako kwenda kwa jirani. Ukinyamaza, au ukisema hujui, wewe ndiye mwizi, na ng'ombe utawalipa wewe. Baba alitufundisha hilo kabla hatujajua kuhesabu. Kwetu kunyamaza ndiko kulikuwa kosa.

Wiki mbili baada ya mwalimu kuandika, aliingia mzee mmoja mchana mweupe, amevaa koti, kofia mkononi. "Mwadila, mayu," alinisalimu kwa Kisukuma, kwa heshima, nikaitikia. Akauliza kwetu wapi, mama yangu mtu wa wapi, ukoo gani, na hatukufika mbali tukakuta ametoka ukoo wa mama. Nikamwita mjomba, nikampa kiti changu. Alikuwa wakala wa yule mnunuzi wa pamba, na wala hakunificha. Akatoa karatasi iliyochapishwa yale maneno ya jukwaani, pamoja na siku na saa.

"Mpwa wangu," alisema, "mashine za namna hii mjini hapa ziko kwako tu. Nyayo zimefika mlangoni kwako. Tuonyeshe zilikotokea, nawe ubaki na mji wako safi."

Hakunitisha. Hata sauti hakupandisha. Lakini nilisikia aibu ikinipanda mwili mzima, aibu ya mji unaoshukiwa, na mdomo wangu ukafanya ulichofundishwa. Nikasema ni mwalimu. Nikataja na shule. Nikamwonyesha na kiti alichokalia, mjinga mimi. Mzee akashukuru, akanibariki, akaondoka, na niwaambie ukweli, kwa muda wa nusu saa hivi nilijisikia msafi kabisa.

Halafu nikakumbuka kwamba hakuna ng'ombe aliyeibwa.

Barua ya uhamisho ilikuja kabla ya mwezi kuisha. Shule ya huko mbele ya Mwanhuzi, kwenye nchi kavu ya wafugaji, kwa mahitaji ya kazi. Hakupigwa, hakufungwa, na huwezi kumshtaki mtu kwa mahitaji ya kazi. Watoto waliendelea kupakia pamba.

Alikuja kuniaga siku ya kazi, si Jumamosi. Alikaa kwenye benchi toka saa sita mpaka jioni, na safari hii hakuvua viatu. Nilimpikia chai mara tatu. Alisema anajiuliza ni nani aliyemtaja, na kwamba watu wote anawashuku, wa shuleni na wa mjini, isipokuwa mimi. Kisha akanitazama. Nikamuuliza kama anataka sukari zaidi. Nilimsindikiza mpaka stendi nikiwa nimembebea ndoo yake ya vyombo, tukakumbatiana, basi likaondoka.

Baada ya hapo Jumamosi zikawa ndefu. Kila Krismasi nilimtumia ujumbe wa salamu, akajibu "nawe pia". Nilijiambia ni umbali. Intaneti ilikufa simu za kupangusa zilipoingia, nikabaki na mashine ya fotokopi, peke yangu, nikiwafokea watu wanaokunja vyeti vyao. Wachumba wawili walikuja wakaenda. Kuna kitu nilikuwa siwezi kumwambia mtu, na ukiwa na kitu cha namna hiyo, hata yale mengine unayoweza kuyasema unakosa hamu nayo.

Mwaka juzi walikuja wanasheria vijana kutufundisha, sisi wenye vibanda vya fotokopi na vya simu, sheria mpya ya kulinda taarifa za watu. Aliyefundisha alikuwa binti mdogo tu, ana sauti ya upole. Nikanyoosha mkono, nikamuuliza, na zamani, kabla ya sheria hii, mtu mwenye koti akija na karatasi kukuuliza nani aliandika nini kwenye mashine yako, ulipaswa kumjibu? Akasema hapana, mama. Haki ya mtu kuwa na faragha na ya kutoa maoni yake ilikuwemo kwenye katiba toka muda mrefu. Mtu mwenye koti na karatasi si mahakama. Ungemwambia tu aende.

Ungemwambia tu aende. Nilitoka kabla ya chakula, nikaenda kusimama nyuma ya ukumbi, nikalia kama mtoto.

Nikampigia simu mwalimu pale pale. Alipokea akiwa shuleni, nikasikia watoto. Sikuzunguka. Nikasema, "Mwalimu, aliyekutaja ni mimi."

"Najua," alisema.

Nikadhani hakunisikia vizuri.

"Yule mzee alilitaja jina lako mbele ya mwalimu mkuu siku waliyoniita ofisini. Nilikuja kukuaga nikiwa najua, dada. Nimezaliwa Mkula, ng'ombe zetu waliibwa pia. Nilijua alivyokuuliza, na pengine hata mimi ningejibu."

"Sasa mbona ulisema hunishuku?"

"Ili upate pa kuanzia. Nilikaa pale mchana kutwa nakusubiri useme. Ungesema neno moja tu, yangekuwa yameisha."

Akauliza hali ya mama yangu, ambaye zamani aliwahi kumtumia mwalimu maziwa ya mgando. Nikamwambia mama alifariki, huu ni mwaka wa tatu. Akasema pole sana, hakupata habari, hakukuwa na mtu wa kumwambia. Kisha kengele ya shule ikagongwa, akasema anaingia darasani.